Haki ya Njia ya Maduka

Katika darsa yetu ya usiku wa Ijumaa, ndugu mmoja aliuliza suali ambalo baadhi ya waliohudhuria walilicheka, nalo ni hili: Mtu atokapo nyumbani kwake baada ya Alasiri, hana haja ya kununua wala ya kuuza, akaipita njia ya maduka kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake akitazama vilivyopangwa, kisha akarejea kwao mikono mitupu, je, mtu huyo ametenda nini? Ameupoteza wakati wake, au amejistarehesha kwa halali yake, au pana mtu aliyemkosea?

Waliocheka walijibu papo hapo kwamba kutembea ni mubaha, na suali limekwisha. Wengine wakaleta yale tuliyoyazoea, kwamba soko si mahali pa kukaa mtu mwenye dini, na kwamba ubora wa misikiti na ubaya wa masoko umekwisha kuelezwa. Mimi usiku ule nilinyamaza. Sikunyamaza kwa kukosa la kusema, bali kwa sababu nililokuwa nalo lilikuwa ni khabari ya nafsi yangu, nayo haikuwa nzuri. Sasa naiandika, kwa kuwa naona suali lile halikuwa la kuchekwa, na kwa kuwa kijana ambaye khabari hii yamkhusu amenipa idhini yake.

Kwanza natuliweke suali mahali pake. Asemaye kwamba soko ni pabaya, kisha asiongeze neno, amesahau kwamba makafiri wa Makka walimtia ila Mtume (S.A.W.) kwa jambo hili khasa: vipi awe ni Mtume naye anakula chakula na kutembea masokoni? Na Qurani ikawajibu kwamba Mitume wote waliotangulia walikuwa hivyo hivyo. Basi kutembea sokoni si aibu. Illa yawezekana mtu kusema kwamba Mitume walikwenda kwa haja zao, na suali letu ni la mtu asiyekuwa na haja.

Kwa huyo tuna khabari ya Abdallah bin Umar, aliyoipokea Imam Malik katika Muwatta. Alikuwa akienda sokoni asubuhi pamoja na Tufayl, mwana wa Ubayy bin Kaab, na akifika huko hasimami penye biashara, haulizi bei, hapatani, wala haketi katika baraza za soko. Siku moja Tufayl alimwuliza: Wafanya nini sokoni, nawe hununui wala huketi? Heri tukae papa hapa tuzungumze. Ibn Umar akamtania kwa tumbo lake, kwani Tufayl alikuwa mtu wa tumbo, kisha akamwambia kwamba wao huenda kwa ajili ya salamu tu, wamsalimu kila wamkutaye. Na ndivyo alivyokuwa akifanya, hampiti mwuza vikorokoro wala mwenye biashara kubwa wala maskini illa humtolea salamu. Huyu basi ni mtu aliyetembea sokoni bila ya kununua, tena ni Sahaba. Kwa hivyo jawabu ya suali letu haimo katika kununua wala katika kutonunua, na wale waliolikata suali kwa neno moja wamelikata mahali sipo.

Wasiokuwa sisi nao wamelifikiri jambo hili. Yasimuliwa kwamba Socrates, mwenye hekima wa Athens, alikuwa akizitazama bidhaa zilizojaa sokoni na kujiambia kuwa ni vingi mno vitu asivyovihitaji. Hiyo ni zuhudi njema, ijapokuwa sidhani kwamba wenye maduka waliifurahia. Na huko Paris, katika karne ya 19, zilipojengwa njia za maduka zilizoezekwa kwa vioo, alizuka mtu wa namna mpya ambaye kazi yake ni kutembea na kutazama basi. Mshairi Baudelaire aliandika mwaka 1863 akimsifu mtu huyo, kwa kuwa aweza kujiona yu kwao katikati ya umati usiomjua, akatazama asitazamwe. Hapo ndipo penye tofauti. Yule Mfaransa aliona utamu wa matembezi ni kule kutojulikana, na Ibn Umar alikwenda ili ajulikane na ajue. Wote wawili hawakununua kitu.

Sasa nije kwenye khabari yangu. Mwanzo wa mwaka 2024, mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalipokwisha kushuka na njia za kaskazini zikapitika, darsa yetu ilikuwa imekusanya misahafu na vitabu vya kusomea kwa ajili ya chuo kimoja kilichoko Habaswein, katika kaunti ya Wajir. Nikachaguliwa kuvipeleka, pamoja na kijana mmoja wa darsa yetu, Msomali, mzaliwa wa huko huko, aliyekuja Mombasa kutafuta ilimu. Njia iliyo karibu kwetu ni ile ya Garsen na Garissa. Lakini gari la mzigo tulilolipata lilikuwa lapita Nairobi, Nanyuki na Isiolo, nasi tukasema kuwa kheri iko katika lililopatikana. Tulipofika Nanyuki gari liliharibika, na fundi akatuambia tungoje mpaka kesho. Basi tukawa na mchana mzima bila ya kazi, katika mji tusiokuwa na jamaa.

Wasomaji wetu wengi hawajafika Nanyuki. Ni mji ulio chini ya Mlima Kenya, upande wa machweo, kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na baridi yake haielewani na kanzu ya bafta. Reli ilifika huko mwaka 1930, wakati ambapo ardhi ya pande zile ilikuwa ya walowezi wa Kizungu. Mwaka 1959 mchezaji sinema wa Marekani, William Holden, pamoja na wenzake, walianzisha klabu yao mashuhuri katika mteremko wa mlima, na tangu hapo jina la mji limekuwa jina la mapumziko. Huja watalii wapandao mlima, huja askari wa Uingereza wafanyao mazoezi yao katika nyika za jirani, na huja matajiri wa Nairobi mwisho wa juma. Njia yake kuu ina kila kitu: makoti, viatu vya kupandia mlima, kahawa, jibini, vinyago, blanketi, na maua ya waridi yaliyotiwa ndooni mbele ya maduka. Mtu aweza kuitembea kwa nusu saa asiulizwe neno, na mimi nakiri kwamba iliniburudisha. Mtu aliyekaa siku mbili juu ya magunia ya mzigo hupendezwa na vioo visafi.

Kabla ya kuingia mjini hupitwa mstari wa Ikweta, na hapo pana vijana wenye bakuli lililotobolewa na kijiti cha kiberiti. Humwonyesha mgeni kwamba maji yakishuka tunduni hatua chache kaskazini ya mstari huzunguka upande huu, na hatua chache kusini huzunguka upande ule. Wajuao ilimu ya maumbile wasema kwamba mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza maji ya bakuli. Ayageuzaye ni yule ayamiminaye, kwa namna ya mkono wake. Kijana wangu aliyatazama maji yale mpaka yakaisha, akacheka. Baadaye tulipokuwa juu ya daraja la mto Nanyuki alinionyesha maji yapitayo chini akaniambia: «Maalim, haya ndiyo yetu. Yakifika kwetu huwa ni khabari tu.»

Sikumfahamu, naye akanieleza. Mto ule humwagikia Ewaso Nyiro, nao Ewaso Nyiro hushuka kaskazini, hupita Archer's Post na Merti, kisha hupotea katika kinamasi cha Lorian, karibu na Habaswein. Zamani kinamasi kile kilikuwa ni malisho ya kukimbiliwa wakati wa ukame. Lakini tangu miaka ya 1980, miezi ya kiangazi, mto hukauka kwa makumi ya kilomita kabla haujafika huko, kwani watu wa juu wamezidi na mashamba ya umwagiliaji yamezidi, na katika hayo ni mashamba ya maua na mboga zipelekwazo Ulaya. Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila ya kutosheleza, uliwakuta watu wa Wajir na mto ambao tayari ulikuwa umedhoofika. Naitaja khabari hii kwa sababu mtembezi wa njia ya maduka huliona ua ndooni asiione safari ya maji yaliyolikuza. Kioo cha duka kimewekwa kwa kazi hiyo, kuonyesha kitu na kuficha kilikotoka. Simlaumu muuza maua, wala sisemi kwamba alinunuaye ametenda haramu. Nasema tu kwamba nilisimama mbele ya ndoo ile nikayasifu maua, na aliyekuwa kando yangu hakuyasifu.

Jambo lenyewe lilitokea baada ya Alasiri. Tulikuwa twaipita njia ile mara ya pili, na penye duka moja kubwa nikataka kuingia nitazame makoti. Mlangoni alikuwako mlinzi mwenye kile kifaa cha kupimia chuma. Mimi, mzee mwenye kofia ya vito na koti juu ya kanzu, alinipisha bila ya kunigusa. Kijana wangu, aliyekuwa hatua tatu nyuma yangu, amevaa suruali na shati kama vijana wote, alisimamishwa. Akaulizwa atoka wapi. Akaulizwa kitambulisho chake, akakitoa. Kikageuzwageuzwa, akaulizwa tena atoka wapi, na kwamba Nanyuki amekuja kufanya nini. Akaambiwa afungue mfuko wake, na vilivyomo vikatolewa kimoja kimoja pale njiani: kitabu, mswaki, shati, simu. Watu wakawa wapita, na wengine wakipunguza mwendo.

Nilisikia kila neno. Na nilichofanya ni hiki: niligeuka nikaenda penye kioo cha duka la pili, nikatazama viatu vya ngozi vilivyopangwa humo, nikavitazama kwa makini kama mtu achaguaye. Muda wake ulikuwa kama wa kuswali rakaa mbili nyepesi. Alipoachiwa alinijia, nami nikamwambia: «Twende zetu, jua lataka kutua.» Tukaenda. Hatukuzungumza juu ya jambo lile, si jioni ile, wala siku ya pili garini.

Ndugu msomaji, najua utakavyonitetea, kwani nilijitetea hivyo hivyo mwenyewe. Kwamba nilikuwa mgeni. Kwamba maneno yangu yangaliongeza fitina. Kwamba mlinzi ameajiriwa kufanya hivyo, na nchi imeona maovu makubwa ambayo yamewafanya watu kuogopa. Kwamba kijana hakudhurika. Hizi zote ni sababu, na baadhi yake ni za kweli. Lakini hakuna hata moja iliyonijia wakati ule. Zote zilinijia baadaye, njiani, baina ya Isiolo na Modogashe, ambako njia ni ndefu na mtu ana nafasi ya kutosha ya kutafuta sababu. Wakati ule nilikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni kwamba nisijulikane kuwa niko pamoja naye. Yaani nilitaka kuwa yule mtu wa Baudelaire, atazamaye asitazamwe.

Na atakayesema kuwa kusimamishwa mlangoni ni jambo dogo, naajue kwamba jambo hili lina asili ndefu. Wakati wa Waingereza, ile Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini ilifungwa kwa sheria, haingiwi wala haitokwi illa kwa idhini, na sheria nyengine ya mwaka 1934 ikawapa maofisa uwezo wa kuyazuilia makabila mahali walipotaka na kuwakamata watu wake na mali yao kwa makosa ya wenzao. Kisha vikaja vita vya mwaka 1963 hadi 1967, na hali ya hatari iliyotangazwa wakati huo haikuondolewa mpaka mwaka 1991. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walichunguzwa uraia wao peke yao, wakapewa kadi za rangi ya waridi wazichukue juu ya kitambulisho walichokuwa nacho kila Mkenya. Zile sheria za zamani zilifutwa mwaka 1997. Na Aprili 2014, baada ya mashambulio, walikusanywa kwa maelfu huko Nairobi, na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kukaguliwa. Basi mtu wa umri wa babu yake kijana huyu hakuwa na ruhusa ya kutembea katika njia ile ya Nanyuki bila ya karatasi. Mtu wa umri wa baba yake alikuwa na ruhusa na kadi mbili. Naye ana ruhusa na kitambulisho kimoja, na bado anaulizwa amekuja kufanya nini. Sisi watu wa miji ya pwani tunapojadiliana kama kutembea bila ya sababu ni mubaha au makruhu, tumesahau kwamba wako ambao hawajapata kutembea bila ya sababu hata mara moja, kwani kila mara huulizwa sababu.

Hapa niirejee ile Hadithi ya haki ya njia, ambayo sote twaijua. Mtume (S.A.W.) aliwakataza Masahaba kukaa njiani, wakamwambia kwamba hawana budi, kwani ndiko wanakozungumzia, akawaambia basi, ikiwa hamna budi, ipeni njia haki yake. Wakauliza haki yake ni ipi, naye akaihesabu: kuinamisha macho, kuzuia udhia, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Jioni ile Nanyuki niliihesabu nafsi yangu kwa vidole. Macho yangu yalikuwa salama, na udhia sikumfanyia mtu. Salamu sikutolewa, nami sikumtolea mtu. Nilipofika kwenye kidole cha mwisho nikakikunja upesi.

Na niseme neno ambalo baadhi ya ndugu zetu hawatalipenda. Katika mawaidha yetu mengi, inapotajwa njia ya maduka, khatibu huenda moja kwa moja kwa wanawake: wametoka, wamejipamba, wamezurura. Hadithi ile waliambiwa wanaume waliokuwa wakipenda kukaa njiani. Haki moja katika hizo, ile ya macho, tumeifanyia hutuba mwaka baada ya mwaka, tena tukaigeuza ikawa juu ya yule atazamwaye. Zile zilizobakia tumeziacha kama vyombo vya mgeni ambaye hajarudi kuvichukua.

Habaswein tulifika siku ya tatu, adhuhuri. Jina la mji, kama wenyewe walivyonifasiria, ni vumbi kubwa, na sikuona sababu ya kuwabishia. Mji umekaa juu ya njia iendayo Wajir, umebakisha kiasi cha kilomita 100 kufika huko. Njia kuu ndiyo barabara yenyewe, ile ya kutoka Isiolo hadi Mandera, ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za kuitia lami mwaka 2020, na watu huko wanaizungumza lami kama wanavyozungumza mvua. Maduka ni ya mabati na ya mawe, yamepangana pande mbili. Nje yamewekwa magunia ya mchele na sukari, tambi, vitambaa vya rangi, ndoo za plastiki. Hapa fundi cherehani yuko kivulini, pale kibanda cha kutumia pesa kwa simu, na mikokoteni ya punda yapita na mapipa ya maji. Dirisha la kioo la kutazamia bidhaa sikuliona hata moja. Na upande mmoja wamekaa wanawake wauza maziwa ya ngamia, na mbele yao madumu yaliyofunikwa, na penye harufu ya moshi ule unaotumika kufukizia vyombo maziwa yasiharibike.

Baada ya kuvikabidhi vitabu chuoni na kuswali Alasiri, kijana alinishika mkono, kama wafanyavyo wao mwanamume na mwenziwe wakienda pamoja, akaniambia: «Maalim, twende tukatembee madukani.» Sikujua alikusudia nini kwa neno lile, wala sijui mpaka leo. Njia ile ni fupi, mtu mwenye haraka huimaliza kwa robo saa. Sisi ilituchukua mpaka jua likawa lataka kuzama. Kila duka tulisimama. Kila mtu alisalimiwa, akauliza salamu ya pili na ya tatu, ya mvua, ya mifugo, ya safari, ya Mombasa, kisha akaniuliza mimi ni mtoto wa nani na natoka mtaa gani, na jawabu ikapelekwa mbele yetu, hata tukifika duka la nne wenyewe wamekwisha kujua. Hakuna aliyenionyesha bidhaa. Niliulizwa maswali mengi kuliko aliyoulizwa yeye pale mlangoni: natoka wapi, nimekuja kufanya nini. Maneno yalikuwa yale yale. Lakini huku aulizaye alikuwa amekwisha kunivutia kigoda.

Nilikuwa nimemsoma Ibn Umar miaka mingi, na nilikuwa nikiifasiri khabari yake kuwa ni fadhila ya kutoa salamu, yaani ni thawabu za kukusanya. Jioni ile nilifahamu kwamba pana jambo jengine ndani yake. Mtu atoaye salamu amekubali kusimamishwa. Aliyesalimiwa aweza kumwambia neno, aweza kumlalamikia, aweza kumwomba amshuhudie. Anayetembea kimya amejifungia, hata kama macho yake ameyainamisha mpaka vidoleni mwake. Basi mimi jawabu yangu kwa ndugu aliyeuliza ni kwamba kutembea bila ya kununua ni mubaha kwa mtu aliye tayari kusimama. Asiyekuwa tayari, anachukua kitu katika njia ile bila ya kukilipia, ijapokuwa hakugusa bidhaa ya mtu.

Nilipoisoma sehemu hii mbele ya wenzangu, mmoja alinipinga, na hoja yake ina uzito. Akasema: Hayo ni ya kijiji. Shuka hapa Digo Road saa kumi na moja jioni, umsalimu kila mtu; utafika kwako usiku wa manane, na watu watasema umeingiwa na wazimu. Na katika mji mkubwa, akasema, kutojulikana ni rehema pia, kwani yuko aliyekimbia kijiji ambako kila mtu alimwuliza mambo yake. Hili nalikubali. Huko huko Habaswein nilimwona msichana mmoja aliyesimamishwa mara tano katika hatua ishirini, na uso wake haukuwa wa mtu anayefurahia. Wala sidai kwamba Ibn Umar angaliweza kufanya vile katika Cairo ya leo. Hesabu ya salamu si sharti. Ninalolidai ni dogo zaidi na ni zito zaidi: kwamba katika watu elfu uwapitao, akisimamishwa mmoja kwa dhulma mbele ya macho yako, basi kule kutojulikana kwako kumekwisha hapo hapo, upende usipende. Naye akaniuliza: Na ungalimwambia nini yule mlinzi? Nikamjibu kwamba ningalimwambia «Huyu ni mwanangu, tuko pamoja.» Ni maneno matano. Hayana fitina yoyote ndani yake. Akanyamaza kidogo, akasema kwamba hata yeye asingeyasema, na huo ulikuwa ukweli wake, nikamshukuru.

Mwisho wa njia tulifika alipokaa mama yake, naye ni mmoja katika wale wauza maziwa. Alinimiminia kikombe cha maziwa ya ngamia, akakataa thamani yake, kisha akaikubali baada ya kuapiana. Kiswahili chake ni kidogo, lakini alichouliza nilikifahamu kabla ya kufasiriwa. Aliuliza kuhusu safari, na huko Nanyuki, kwenye baridi, watu wa huko walitupokea vipi? Kijana alikuwa ameshika dumu tupu mkononi. Akasema kwa Kiswahili, ili nami nisikie: «Vyema, mama. Tulitembea madukani na Maalim.»

Usiku, tulipolala uani kwao, nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Akaniacha niyamalize, kisha akasema: «Nimezoea, Maalim.» Nikamwambia kwamba hilo ndilo lililonitisha zaidi. Hakujibu, na baada ya muda nikasikia pumzi ya mtu aliyelala, au ajifanyaye amelala.

Mwezi uliopita alirejea darsani, nami nikampa karatasi hizi azisome kabla hazijapigwa chapa, nikamwambia afute lolote asilolitaka. Alizisoma mara mbili. Hakufuta neno. Alisahihisha mahali pamoja tu, pale nilipoandika kwamba katika kioo kile nilitazama viatu vya ngozi. Akasema vilikuwa viatu vya kike, vya visigino virefu, na kwamba nilivitazama mpaka mwenye duka akatoka nje kuniuliza nambari ya mguu.